Siku Uliyomwita Machozi kwa Redio

Balsall Heath, Birmingham
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama amesema siku hizi unakalia mto ukiendesha gari la watalii, nikajua basi unauma kweli, kwa sababu wewe si mtu wa kukalia mto. Na mguu wa Nyanya je? Bado anaukanda kwa mafuta ya taa ingawa daktari alimkataza? Mwambie nimeuliza, lakini usimwambie nimeuliza kuhusu mafuta ya taa.

Sisi huku tupo. Wagonjwa si wagonjwa, ila tumechoka. Mama anatoka alfajiri kwenda kule kwenye nyumba ya wazee, Sutton Coldfield, basi mpaka mjini halafu treni. Akirudi anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye ngazi ya tatu na kubaki hapo hapo na koti lake. Mdogo wangu Mghoi humruka akipita. Mghoi naye Kiswahili anakisikia, lakini ukimwuliza anajibu kwa Kiingereza, na anavyosikia ni kwa kubahatisha. Juzi Mama alimtuma mwiko akaleta mfagio. Mama akamtazama, akaupokea ule mfagio, akasema asante. Hapo ndipo nilipojua amechoka kweli, kwa sababu zamani angecheka.

Mimi nikitoka shule namchukua Mghoi, napika, nafanya kazi za shule. Bado tunakaa juu ya duka la mapazia. Jikoni za mikahawa ya jirani zinaanza kukaanga vitunguu saa kumi, kwa hiyo sweta yangu ya shule inanukia bizari kila siku. Kutoka dirishani naliona bomba la Tyseley wanakochoma taka za mji, na moshi wake ndio unaonionyesha upepo unatoka wapi. Ulinifundisha kuangalia upepo kwanza, nami naangalia, ingawa hapa hakuna mnyama wa kunisikia harufu.

Sasa habari yenyewe. Naomba uisome ukiwa peke yako, si pale stendi mbele ya madereva wenzako. Najua barua zangu huwa unawasomea.

Unakumbuka nilikwambia nimejiunga na chama cha jiografia. Nilijiunga kwa sababu chumba chao kina joto. Mwalimu wetu ni Miss Dhillon, wazazi wake ni Wapunjabi lakini yeye kazaliwa hapa hapa, na mtu akichelewa anamwambia hata treni ya Sutton, inayochelewa kila siku, imemshinda. Mwaka huu ametuletea mpango wa safari ya kwenda kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye kimji kilicho kando ya ghuba inayoganda maji. Barabara ya kufika huko hakuna. Unapanda treni siku mbili juu ya ardhi laini, treni inakwenda polepole kama inaogopa kuzama. Watu wa mji mzima ni wachache kuliko sisi wa shule yetu. Na kila mwaka, baridi inapoanza, dubu weupe wanakuja ufukweni hapo kungoja bahari igande, ili watembee juu ya barafu wakawinde sili, wanyama wanono wa baharini.

Baba, wewe hujawahi kumwona dubu, nami sijamwona, kwa hiyo nitakueleza nilivyosoma. Ni mkubwa kuliko simba dume mara mbili na zaidi. Lakini wakati ule wa kungoja, hana chakula. Ana mafuta aliyoyahifadhi mwilini tu. Kila mara gari likimsogelea akaamka, akatembea, amepunguza akiba yake. Nilipoisoma sehemu hiyo nilifunga kitabu kwa muda.

Wengine walidhani safari ni kununua tiketi na kamera. Miss Dhillon alisema kabla hatujauliza nauli tuulize kama tunatakiwa. Kwa hiyo tuliandika barua pepe kwa mama mmoja wa huko, Bi Agnes, ambaye watu wake waliishi hapo kabla mji haujawa mji, na sasa ndiye anayewapangia wageni mahali pa kulala. Akajibu kwa maswali. Mtakuwa wangapi? Mtakaa siku ngapi? Taka zenu mtazipeleka wapi, maana huku dubu anafuata harufu ya taka mpaka mlangoni? Gari mtapanda la nani? Akasema pia huko watu hawafungi kwa ufunguo milango ya magari yao yakiegeshwa, ili mtu akikutana na dubu barabarani apate pa kuingia. Tulipenda sana habari hiyo.

Mmoja wetu, Lewis, alisema kama tunawajali hao dubu basi tusiende, kwa sababu moshi wa ndege ndio unaoyeyusha barafu yao. Tulibishana wiki tatu. Mimi sikusema neno, unanijua. Mwishoni tukakubaliana waende wanafunzi wanane tu, mara moja, wakae siku nyingi badala ya kupita, walale kwenye nyumba za watu wa mji, wapande gari moja la mwenyeji, na dubu akiinua kichwa gari lisimame hapo lilipo. Tuliokuwa tunataka kwenda tulikuwa ishirini na kitu. Kila mmoja akaambiwa aandike ukurasa mmoja kuhusu anachokijua juu ya kuwatazama wanyama bila kuwadhuru.

Mimi niliandika kuhusu ile siku.

Najua unaikumbuka. Nilikuwa darasa la saba, likizo ya Agosti. Wageni wako walikuwa wale wazee wawili Wabelgiji, ukawaomba nikae kiti cha mbele wakakubali. Tukamkuta duma na watoto watatu kando ya lile korongo kavu. Alikuwa amelala chini anamnyemelea swala, na watoto wamejibanza nyuma yake. Ukazima injini. Halafu ukachukua redio ukasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Machozi, Machozi, mkono wa kushoto wa korongo."

Ulikuwa umenieleza zamani kwamba madereva mnamwita duma Machozi kwa sababu ya zile alama nyeusi zinazoshuka kutoka machoni, na kwamba mnatumia majina yenu ili wageni wasielewe, wasianze kusimama kwenye viti. Na ulinieleza kwamba aliyeona kwanza ndiye anayeita, maana asiyeita haitwi.

Wakaja. Nilihesabu magari mpaka kumi na saba nikaacha. Swala akakimbia. Duma akasimama, akatembea, magari yakatembea naye, mawili yakakata kupitia kwenye nyasi yakatokea mbele yake. Watoto wawili wakamfuata mama. Wa tatu akabaki upande mwingine wa magari, analia ile sauti yao kama ya ndege. Halafu sikumsikia tena, sijui ni kwa sababu alinyamaza au ni kwa sababu ya injini.

Nyumbani ulikula, ukamtania Nyanya kuhusu chumvi, ukaenda kulala. Hatukuzungumza habari ya duma. Nami sikuuliza.

Basi, niliandika hayo yote kwenye daftari, lakini siku ya kusoma mbele ya wenzangu, sauti yangu ilikuwa inakwenda na kurudi. Miss Dhillon alikuwa anaandika kwenye kompyuta nikisoma. Jina la duma nilikuwa nimelitafsiri. Machozi kwa Kiingereza ni "tears". Nikasoma kwamba baba yangu aliita Tears kwa redio na magari yote yakaja. Labda nilimeza maneno. Alivyosikia Miss Dhillon ni kwamba baba yangu aliita kwa redio huku akitokwa na machozi. Akasimamisha vidole. Akaniuliza, kwa upole sana, wale madereva wengine walikuja kusaidia? Kuzuia magari yasimsogelee?

Baba, nikaitikia kwa kichwa.

Hilo ndilo ninaloungama. Sikusema hata neno, ni kichwa tu, kilishuka na kupanda mara moja. Lakini ilitosha, na yaliyobaki kwenye daftari sikuyasoma. Kwenye kitabu cha mpango wetu, ukurasa wa kwanza, ikaandikwa kwamba dereva mmoja Mkenya alilia alipomwona duma anasumbuliwa, akawaita wenzake kwa redio, wakapanga magari yao kumlinda. Kikatumwa kwa Bi Agnes, akaandika kwamba yeye mwenyewe anamkaribisha nyumbani kwake binti wa huyo dereva. Nikawekwa kwenye wale wanane. Mkuu wa shule akausoma ule ukurasa kwenye paredi ya asubuhi, watu wakapiga makofi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kwenye chama yupo msichana anaitwa Ifrah, Msomali wa Eastleigh. Aliondoka Nairobi akiwa na miaka kumi, akakaa Uholanzi, sasa yuko hapa, na Kiswahili chake bado kina mtaa ndani yake. Ndiye rafiki yangu, labda wa pekee. Siku ile ya makofi alinifuata kwenye chakula.

"Manze, buda wako alilia kwa redio?"

Nikasema hapana.

"Si Machozi ni yule duma? Si wewe ndiye uliniambia?"

Nikasema ndiyo.

Akacheka mpaka viazi vikamwanguka. Akasema nimemchukua dereva wa Voi nikamfanya malaika, akaniuliza mabawa anayaegesha wapi akiendesha. Akaendelea hivyo mpaka akaona mimi sicheki. Akaokota viazi vyake kimoja kimoja. Kisha akasema, "Lakini huyo wa kwenye karatasi, hata wewe humjui."

Nilidhani ningeweza kukaa nalo hivyo hivyo. Halafu ikaja siku ya wazazi. Mama alitoka kazini moja kwa moja, na sare yake chini ya koti. Miss Dhillon akamshika mkono akamwambia mume wake ni mtu wa kujivunia, na ile habari ya machozi imewagusa wote. Mama akasema asante. Mama huwa anawaambia asante watu wa hapa kabla hajajua wamesema nini. Kisha akanitazama.

Kwenye basi alikaa upande wa dirishani.

"Baba yako alilia lini?"

Nikasema sijui.

"Mimi nimemwona akimzika babake. Sijamwona analia."

Nikamwambia yote, pale pale, basi limejaa, kwa Kiswahili, na nilikuwa na bahati kwamba hakuna aliyeelewa, au kama yupo aliyeelewa alijifanya anasoma gazeti. Nilidhani atanigombeza. Alifumba macho nikafikiri amelala. Tulipokaribia kushuka akasema hadithi si yangu wala si yake, ni yako, na nikikutumia barua niandike kila kitu, nisikuachie wewe kazi ya kubahatisha.

Baba, nimejiuliza kwa nini niliitikia. Ningependa kusema ni aibu, kwamba nilishindwa kumsahihisha mwalimu mbele ya watu. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka iwe hivyo. Miaka minne nimetaka awepo mtu aliyelia kwa ajili ya yule mtoto, na nilitaka awe wewe. Miss Dhillon aliponiuliza, niliona kama ananipa ile siku upya, na wewe ndani yake unafanya ninachotaka. Nikaichukua.

Jumanne iliyofuata nilisimama kwenye chama. Ifrah alikaa karibu na mlango, akaniambia ni kunizuia nisikimbie. Nikasema Machozi ni jina la mnyama. Nikasema baba yangu hakulia, aliita magari, na magari hayakuja kulinda, yalikuja kuona. Nikasema niliulizwa nikadanganya kwa kichwa.

Lewis ndiye aliyeuliza, na sidhani aliuliza kwa ubaya, kama basi wewe, Baba, ni mmoja wa wale wabaya. Nikajaribu kueleza. Nikasema dereva asiyeita haitwi, na dereva asiyeitwa wageni wake hawaoni kitu, na wageni wasioona kitu wanarudi hotelini wanalalamika, na kesho yake gari lake anapewa mtu mwingine. Nikasema mgongo wako. Sijui kwa nini nilisema habari ya mgongo wako. Nikasema wewe ulikuwa wa kwanza kuzima injini na ndiye uliyenifundisha kwamba injini huzimwa. Halafu nikamwambia Miss Dhillon nafasi yangu ampe mwingine.

Akaniambia nikae. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kitu mwisho wa siku ndefu. Akasema nafasi hakuyapa machozi ya baba yangu, aliyapa macho yangu, lakini ule ukurasa lazima utoke na Bi Agnes lazima aambiwe, na atakayemwandikia ni mimi. Nikaandika jioni ile kwenye kompyuta ya shule, Ifrah akinisubiri na koti amevaa. Ilikuwa mistari saba.

Alijibu baada ya siku nne, na siku hizo nilipika ugali mara mbili ukawa uji.

Hakukasirika. Aliandika kwamba huko kwao pia madereva wana redio. Dubu mmoja akionekana, mmoja anaita, na magari yote ya mji yanakuwa hapo kabla hajamaliza kuinuka. Kaka yake ni dereva. Wamegombana mezani miaka mingi, kila mwaka kabla ya msimu, mpaka watoto wanajua nani atasema nini. Yeye humwambia anawachosha dubu, na kaka humwambia njoo uendeshe wewe. Akasema ule ukurasa wa kwanza aliupenda, lakini haukuwa na la kumwambia kaka yake, kwa sababu kaka yake si mtu wa kulia. Huyu dereva wa kweli, Bi Agnes ana la kumwuliza.

Na swali lake ni hili, nimelitafsiri pole pole na Ifrah amelikagua: Muulize baba yako, siku ile, ni kitu gani kingemfanya asiite?

Anasema hakuulizi kama hakimu. Anataka kulipeleka jibu lako kwa kaka yake na madereva wenzake kabla hatujaja, kwa sababu wao hawamsikilizi mtu ambaye hajawahi kushika usukani na wageni nyuma yake. Miss Dhillon naye amesema jibu likija ndilo litakalokuwa ukurasa wa kwanza, na lisipokuja ukurasa utabaki mtupu.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Chini kabisa pana mahali pa sahihi ya mzazi. Mama amekataa kutia yake. Amesema nimekusema mbele ya watu wa nchi mbili bila kukuomba ruhusa, kwa hiyo atakayeamua kama naondoka ni wewe. Amesema hivyo akiwa kwenye ngazi ya tatu, hajavua koti, na sikumbishia.

Usipotia sahihi nitaelewa, Baba. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Nimechoka tu na kuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Ukiwa na hasira andika hasira yako, usiniandikie kwamba haidhuru. Lakini fomu ikirudi imetiwa sahihi au haijatiwa, lile swali lijibu. Lijibu kwa Kiswahili chako cha stendi, usitafute maneno makubwa, nitalitafsiri lote bila kupunguza.

Na yule mtoto wa tatu. Siku iliyofuata ulitoka mapema kuliko kawaida, kabla ya chai, na wageni wako walikuwa bado hotelini. Nilikusikia ukiwasha gari. Kama ulirudi kule korongoni kumtafuta, niambie ulichokikuta. Kama ulikwenda tu kutia mafuta, niambie pia.

Msalimie Nyanya, umwambie soksi alizonifumia navaa jozi mbili kwa mpigo. Msalimie Shangazi wa dukani, na Mjomba fundi, na yule mama jirani anayetupokelea simu, mwombe radhi kwamba kadi iliisha mara ya mwisho akiwa katikati ya neno. Mama anakusalimu. Anasema dawa ya mgongo atakutumia kwa mtu anayesafiri mwezi ujao, na uache kuinua mizigo ya wageni peke yako. Mghoi anakusalimu kwa Kiingereza, lakini nimemfanya aseme "shikamoo Baba" mara tatu na ya tatu ilikuwa nzuri.

Mimi binti yako, niliyekusema mara mbili, ya kwanza kwa uongo na ya pili kwa kweli,

Wakesho